Lango la Alhamisi

Anayetaka kuijua safari ya Mwanamvua na ahesabu mafundo, asihesabu maili. Kwao Mkupasi, bonde la mpunga, mwanamke anayekabidhiwa kitalu hupewa pia ugwe wa katani, na kila jua linapochomoza hufunga fundo moja. Siku mbegu inapomwagwa ni fundo la kwanza. Fundo la ishirini na moja, miche iko tayari kung'olewa na kupandikizwa majarubani, vipande vya shamba vinavyojazwa maji. Fundo la thelathini ndio mwisho. Mche uliopita hapo umeshapevuka, na hata ukiupanda utasimama tu majini kama mtu aliyesusa, bila kuzaa suke la maana. Watu wa Mkupasi hawana saa ya ukutani inayokwenda sawasawa, na arusi zao za saa nane huanza saa kumi, lakini kwa habari ya mche hawana utani.

Maji ya kupandikizia hutoka juu, katika nchi ya Tarajani. Mapatano ya mababu ni mafupi: mjumbe wa Mkupasi apeleke ombi, na Alhamisi inayofuata lango la mfereji lifunguliwe. Mwaka ule mjumbe alipaswa kuondoka fundo la tano. Mkutano wa kumchagua uliitishwa mara tatu, na mara zote tatu mwenyekiti alituma salamu kwamba anakuja sasa hivi. Lilipofika fundo la kumi na mbili, Mwanamvua, mshika kitalu wa mwaka huo, aliinuka mkekani.

"Naenda mimi," alisema. "Mwenyekiti akija, mwambieni amenikosa kidogo tu."

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na ushei, mfupi, mwenye shingo ngumu kwa kujitwika na kwa tabia. Alijaza udongo wa kitalu kwenye karai, akapanda humo miche ya kutosha kujaza viganja viwili, akajitwika. Alitaka wenye maji wakione kwa macho yao kitu wanachoombwa kukiokoa.

Fundo la kumi na nne aliingia Tarajani. Mji ulikuwa msafi kupita kiasi. Uwanjani viti vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, na hapana aliyevikalia. Matao ya makuti yaliyosimamishwa kwa mapambo yalikuwa yamekauka hadi kugeuka rangi ya chai, na kitambaa kilichoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone" kilikuwa kimepauka hata kikasomeka kwa shida. Wanaume wote walikuwa na nywele ndefu na ndevu za kifuani.

Katika Afisi ya Siku alipokewa na Bwana Ngwali, Karani wa Siku, mtu mwembamba mwenye adabu, aliyekuwa na daftari kubwa mbele yake.

"Karibu, mama. Ombi la Mkupasi nimelipokea. Lango litafunguliwa Alhamisi."

"Ahsante, mwanangu. Na leo kwenu siku gani?"

"Jumanne."

Mwanamvua alishusha pumzi. Hata kwa hesabu yake ilikuwa Jumanne. Siku mbili si kitu kwa mtu mwenye mafundo kumi na sita mkononi. Akaelekezwa kwa Kibwana, mlinzi wa lango, ambaye mke wake angempa mahali pa kulala.

Kesho yake, baada ya kufunga fundo, alipitia afisini kusalimia tu. "Basi leo Jumatano," alisema kwa furaha.

"Jumanne, mama."

"Jumanne si ilikuwa jana?"

"Jana ndiyo leo," alijibu Bwana Ngwali bila kuinua macho.

Hapo ndipo alipoelezwa sheria. Katika Tarajani siku haijiendei yenyewe kama mbuzi asiye na mwenyewe. Siku hufunguliwa rasmi, na hapana awezaye kuifungua ila Mgeni Rasmi, kwa kukata utepe uwanjani mbele ya watu wote. Mwanamvua akauliza sheria hiyo ilitungwa kwa nini. Akajibiwa kwamba zamani kila mtu alikuwa akiamka na siku yake, na nchi haikuwa na utaratibu.

"Na huyo Mgeni Rasmi yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Mwanamvua alikwenda langoni kwa mwendo wa mtu aliyeunguliwa na chungu jikoni. Kibwana alikuwa kijana mpole mwenye mabega mapana, ameketi juu ya ukuta wa mfereji, ufunguo shingoni. Mbele yake zilikuwapo mbao tano nene zilizofungwa kwa mnyororo, na nyuma ya mbao maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

"Mimi zamu yangu ni Jumanne, mama," alisema. "Kazi ya Jumanne ni kufunga. Anayefungua ni mwenzangu wa Alhamisi. Kanuni inanikataza kuondoka hapa mpaka siku yangu iishe."

"Na tangu uanze zamu, mwezi umeandama mara ngapi?"

Kibwana alitazama kando. "Mara nane. Lakini mwezi ni wa mbinguni, mama. Haumo katika mambo ya afisi."

Nyumba yake ilionekana kutoka pale, moshi wake ukipanda nyuma ya migomba. Siku alipoanza zamu mkewe alikuwa na uchungu. Alipelekewa habari kwamba amepata binti, akatuma salamu kwamba anakuja zamu ikiisha.

"Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," Mwanamvua alimwambia, kwa ukali zaidi ya alivyokusudia.

Kibwana alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Mkewe, Sauda, alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Mzazi wa Tarajani hukaa ndani siku arobaini, na mtoto hupewa jina siku ya saba, likatajwa mbele ya wanawake saba na kuandikwa na Karani papo hapo. Lakini siku ya pili haikuwa imefika, seuze ya saba. Kwa hiyo Sauda alikuwa hajatoka nje miezi minane, uso umempauka kama mhogo uliomenywa, na binti yake, mwenye meno manne, alikuwa akitambaa chumba kizima bila jina. Alikuwa akiitwa "wewe".

"Hamchoki?" Mwanamvua aliuliza usiku ule.

"Subira yavuta heri, dada," alijibu Sauda, kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa ukutani.

Siku zilizofuata, au kwa lugha ya huko, Jumanne iliyoendelea, Mwanamvua aliuzunguka mji akiuliza na kutazama. Kinyozi alimwambia kazi yake ni ya Jumatano, ndiyo sababu ya ndevu zile. Katika mahabusu alimkuta mtu aliyehukumiwa siku mbili kwa kuiba kuku, na kuku mwenyewe alikwisha kuwa na wajukuu. Watoto wa shule walikuwa wakisoma jedwali la saba, somo la Jumanne, na wakilijua hata waliweza kulisema kinyumenyume. Mwalimu wao alimnong'oneza kwamba jedwali la nane analo tayari, ameliweka kabatini, halijafika wakati wake.

Kila asubuhi alilipeleka karai lake afisini, akalitua mezani mbele ya Bwana Ngwali. "Pima," alimwambia. Karani alipima kwa shibiri ya kiganja chake, maana alikuwa mtu wa haki. Siku ya kwanza miche ilikuwa shibiri moja kasoro kidole. Fundo la kumi na nane ilikuwa shibiri na vidole viwili. Jambo hilo lilimsumbua, akalipeleka kwenye Baraza la Saa.

Baraza lilikaa mafundo matatu. Wajumbe walikuwa watu wa heshima na walisema kwa zamu. Mjumbe wa kwanza, mzito wa mwili na wa maneno, alishikilia kwamba mche umevunja sheria kwa kukua ndani ya siku moja, na kwa kuwa ni mche wa kigeni, usamehewe mara hii tu. Wa pili alisema mche haujakua kamwe, ni shibiri ya Karani iliyopungua, na akaomba mkono wa Karani uchunguzwe. Mwanamvua aliomba ruhusa ya kusema.

"Waheshimiwa," alisema akiwa amesimama, maana viti vilikuwa vya Mgeni Rasmi na watu wake. "Sikuja kushindana nanyi juu ya siku. Ziiteni mtakavyo. Kwetu kuna watu mia nne watakaokula mpunga huu au watakaokosa cha kula. Mche huu haujui Jumanne. Unajua maji na jua. Nina mafundo tisa yamebaki. Nifungulieni lango, kisha mbaki na Jumanne yenu kwa amani."

Wajumbe waliguswa. Mmoja alifuta machozi waziwazi. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba jambo hili ni la dharura, wakaunda kamati ya kulishughulikia haraka, na kamati ikaagizwa kuwasilisha taarifa yake Jumatano.

Mwanamvua aliogopa usiku ule. Alilala akiushika ule ugwe, akiona mbele ya macho yake kitalu cha nyumbani kikigeuka manjano, na watoto wa kaka yake wakiulizana kwa nini shangazi harudi. Lakini woga kwake haukuwahi kukaa muda mrefu bila kugeuka kuwa mwendo. Alfajiri alifunga fundo la ishirini na mbili, akajitwika karai, akaenda kumtafuta Mgeni Rasmi mwenyewe.

Hakuwa mbali. Nusu siku kwa miguu, juu ya kilima, palikuwa na nyumba kubwa nyeupe. Barazani aliketi Mheshimiwa, amevaa suti, viatu vinang'aa, ua kifuani, mkasi wa kukatia utepe umelala kwenye mto wa hariri kando yake. Chini ya ngazi gari lilikuwa limeoshwa, na dereva ameshika usukani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Umetoka mjini? Je, watu wameshakaa?"

"Viti vimepangwa. Watu hawajakaa. Wanaona si adabu kukaa kabla hujafika."

Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Watu wangu wana adabu sana. Nami vilevile naona si adabu kufika uwanjani watu hawajakaa. Mtu wa cheo changu akifika akakuta viti vitupu, aibu itawapata wao, si mimi. Wakikaa tu nipewe habari."

"Kwa hiyo hutaondoka mpaka wakae, nao hawatakaa mpaka ufike."

"Ndivyo ilivyo taratibu."

"Na wanapouliza uko wapi?"

"Niko njiani," alisema Mheshimiwa kwa unyofu kabisa, akaagiza mgeni aletewe chai.

Mwanamvua aliinywa chai ile kwa sababu alikuwa na kiu. Angependa kumkuta mtu mwovu, maana mwovu hugombezwa. Huyu alikuwa mwungwana aliyevaa na kujiandaa kila asubuhi kwa muda wa miezi minane, na hilo lilimchoma zaidi kuliko jeuri. Alirudisha kikombe, akashukuru, akateremka kilima akisema na nafsi yake. Mlango wa mbele umekataa. Haya. Lakini sijapata kuona nyumba isiyo na mlango wa uani.

Alifika kwa Sauda fundo la ishirini na tatu, akalitua karai sakafuni. Mtoto akalitambalia, akashika ukingo, akajiinua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisimama kwa miguu yake, akachomoa mche mmoja, akautia mdomoni. Sauda alitazama mtoto, akatazama miche.

"Dada," alisema mwishowe, "ulipokuja, majani haya hayakufika shibiri moja. Sasa yamemfika kifuani akiwa amesimama."

"Naam."

"Na yeye mwenyewe ulipokuja alikuwa hasimami."

"Naam."

"Basi wananidanganya." Sauda alianza kulia, si kwa huzuni, kwa hasira iliyokaa ndani miezi minane. "Wananidanganya, nami nawasaidia."

Mwanamvua alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akasema, "Jina lake umelichagua?"

"Tangu hajazaliwa."

"Mwite basi."

"Nikitoka watasema sina adabu. Mume wangu ataaibika."

"Watasema. Wataanza leo, waseme, wachoke. Lakini mtoto huyu akifika kuolewa akiitwa 'wewe', nani ataaibika?"

Siku ile Sauda aliutazama tu mlango wa uani. Siku ya pili alifagia chumba. Fundo la ishirini na tano alioga, akavaa kanga mpya aliyowekewa ya siku ya kutoka, akamfunga mtoto mgongoni, akafungua mlango wa uani. Mwanga ulimpiga, akafunga macho, akashika ukuta. Mwanamvua alimshika mkono. Wakapita nyumba kwa nyumba, uani kwa uani, wala hawakupiga hodi kwa wanaume. Wanawake walikuwa tayari kuliko Mwanamvua alivyodhani. Kila mmoja alikuwa na lake lililokwama Jumanne. Walihitajika saba, wakatoka thelathini na moja.

Walipita katikati ya uwanja, katikati ya viti, hadi Afisi ya Siku. Bwana Ngwali alisimama kwa mshtuko.

"Bi Sauda! Arobaini yako!"

"Andika, bwana," alisema Sauda. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. "Binti yangu na Kibwana. Jina lake Tunu. Mashahidi ni hawa."

"Ni Tunu," walisema wanawake.

Karani alishika kalamu, akaiweka. Alijivunia jambo moja maishani, kwamba daftari lake halijawahi kuruka jina la mtu. Sheria yake mwenyewe ilisema jina lililotajwa mbele ya wanawake saba huandikwa papo hapo, la sivyo mtoto hahesabiwi kuwa wa nchi. Na daftari lenyewe lilikuwa na safu mbili: jina, na siku ya saba ya kuzaliwa. Hakuna aliyewahi kuacha safu moja wazi.

"Siwezi kuandika siku ambayo haijafunguliwa," alisema kwa unyonge.

"Basi mfute mtoto," alisema Mwanamvua. "Huyu hapa. Anza na meno."

Tunu alikuwa akitafuna ncha ya kanga ya mama yake na kumtazama Karani. Bwana Ngwali alimtazama naye. Ndevu zake ndefu zilitikisika. Hatimaye alichovya kalamu, akaandika jina kwa mwandiko wake mzuri, kisha akainua mkono wa kushoto kuhesabu siku kwa vidole, kwa sauti, kama alivyofanya kwa kila mtoto.

"Amezaliwa Jumanne, moja. Jumatano, mbili. Alhamisi, ta…"

"Simama hapo hapo, Bwana Ngwali," alisema Mwanamvua. "Hicho kidole usikiteremshe. Twende nacho langoni."

Wakaenda nacho. Karani alitembea mbele, kidole cha tatu juu, daftari kwapani, uso wa mtu aliyeamshwa ghafla. Kibwana aliwaona wakija, akasimama juu ya ukuta.

"Alhamisi imehesabiwa," alisema Karani. "Imefika. Zamu yako imekwisha zamani."

Kibwana hakumsikia vizuri, maana alikuwa amemwona mkewe. Aliruka chini, akanyoosha mikono, na Sauda akamshusha mtoto mgongoni, akampa. Tunu alimtazama yule mtu mwenye nywele nyingi, akageuza uso, akapiga yowe la mtoto aliyeshikwa na asiyemjua. Alimsukuma kwa mikono yote miwili, akamlilia mama yake.

Mwanamvua alijuta mno methali yake ya siku ile. Kibwana alimrudisha mtoto kwa mamaye polepole, akavua ufunguo shingoni, akaenda kwenye kufuli. Alipomaliza na mnyororo, aling'oa mbao zote tano moja baada ya nyingine kwa mikono, bila kusubiri kuitwa mtu wa kumsaidia, na kila ubao alioutupa ulikuwa na kishindo kikubwa kuliko uliotangulia. Maji yakapita.

Mwanamvua hakukaa kuona mwisho wa mambo ya Tarajani. Alipokuwa akiondoka, kinyozi alikwisha kutoa kiti chake nje, na wa kwanza kukikalia alikuwa Kibwana. Mtaa mmoja ulikuwa umeingia Jumatano, mtaa wa pili ukaruka moja kwa moja hadi Ijumaa, na wajumbe wa Baraza walibaki Jumanne wakiandaa hotuba za kumkaribisha Mheshimiwa, ambaye alikuwa njiani.

Maji yalimtangulia kufika Mkupasi. Alipoingia bondeni, fundo la ishirini na saba, majaruba yalikuwa yanameta, na watu walikuwa wamesimama kandokando ya maji. Mwenyekiti alimjia mikono imenyooshwa.

"Mwanamvua! Umeleta maji. Tumepanga keshokutwa tufanye mkutano wa kukushukuru, kisha tuzindue upandaji."

"Saa ngapi?" aliuliza Mwanamvua.

"Saa nane."

Mwanamvua alishusha karai, akapiga kanga yake kibwebwe, akaingia kitaluni na matope hadi magotini. Aling'oa miche, akaisuuza, akaikusanya kitita cha kwanza. Akatafuta kitu cha kukifungia. Akautoa ule ugwe wenye mafundo ishirini na saba, akauzungusha kwenye miche, akakaza, akampa mwenyekiti.

"Shika hii," alisema. "Jaruba lako lile pale."